Kabla ya Kulipia Shahada ya Uzamili ya Biashara

Baada ya mahafali ya vyuo vikuu jijini Mwanza, wahitimu wengi hujiuliza iwapo waunganishe moja kwa moja na shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara. Masomo haya mara nyingi hutolewa jioni au mwishoni mwa wiki, na hata mhitimu wa ualimu au uhandisi aghalabu huruhusiwa kuomba. Somo hili linamtazama mhitimu huyo kama mnunuzi, tena mnunuzi wa bidhaa isiyorudishwa dukani.

Jambo la kwanza ni ithibati. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huidhinisha chuo, na vilevile huidhinisha programu ya masomo. Vimewahi kuwapo vituo vilivyofutiwa vibali ilhali chuo mama kinaendelea. Swali la kuuliza, basi, si kama chuo kinajulikana, bali kama programu hii, katika kituo hiki cha Mwanza, imeidhinishwa. Jibu litafutwe kwa Tume yenyewe, si kwa wakala. Anayevutiwa na chuo cha Kampala, au kinachofundisha kwa intaneti kutoka ng'ambo, afahamu kwamba shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na Tume hiyohiyo. Na aulize kabla ya kulipa.

Kuhusu sifa, kwa kawaida hutakiwa wastani usiopungua 2.7 katika kipimo cha 5, yaani daraja la pili la chini.

Penye hatari zaidi ni fedha. Chukua mfano wa mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, sasa akilipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Makato ya Bodi ni asilimia 15, yaani shilingi 120,000, nayo hayasimami kwa sababu amerudi darasani. Akikopa benki ili alipe ada, makato ya pili huanza kabla hajapata faida yoyote. Tena ada iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi si gharama yote: kuna usajili, mitihani, na utafiti wa tasnifu. Hapo kwenye tasnifu ndipo wengi hukwama. Madarasa huisha kwa wakati, kisha kazi ya ofisini humeza muda wa kuandika, na kila muhula unaoongezeka huweza kuja na malipo yake. Omba kiasi hicho kwa maandishi mapema.

Je, kuna haraka gani? Darasa la uzamili wa biashara hufundisha kwa mifano ya kazini. Aliyekwisha kusimamia mzigo wa dagaa Mwaloni Kirumba, akaona bei ikishuka jua likiwaka na kupanda mvua inaponyesha, huliuliza somo la ugavi maswali ambayo mwenzake aliyetoka tu chuoni hayajui. Kwa maoni yetu, miaka miwili au mitatu ya kazi, hata ya kujiajiri, ni akiba bora kuliko kuwahi. Na anayelenga uhasibu alinganishe kwanza gharama za uzamili na za mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kwa kuwa waajiri wengi wa fani hiyo huulizia CPA.

Ukiamua kujiunga, lipa kwenye akaunti ya chuo pekee, tunza stakabadhi, na usome masharti ya kuahirisha masomo na ya kurejeshewa ada kabla ya kusaini fomu.