JINSI KIJIDUDU CHA MAJIPU KIINGIAVYO NGOZINI

Watu wengi hudhani kwamba jipu huletwa na damu chafu. Sivyo. Majipu mengi huletwa na kijidudu kiitwacho stafilokoko. Daktari Alexander Ogston wa Aberdeen, Uskoti, alikipa jina hilo mwaka 1882, kwa kuwa vijidudu hivyo hushikamana kama kichala cha zabibu.

Kijidudu hiki hukaa puani mwa watu kama 3 katika kila 10 pasipo kuwadhuru. Ngozi nzima ni ukuta. Lakini ngozi ikikwaruzika, kijidudu hutumia hila. Mwilini mna protini iitwayo fibronektini, ambayo kazi yake ni kuunganisha seli, yaani chembe hai za mwili, na kusaidia kidonda kupona. Kijidudu huikamata protini hiyo. Nayo seli ya ngozi huishika upande wa pili kwa protini yake nyingine, integrini. Ndipo seli hukivuta kijidudu ndani, mfano wa mwizi aliyeingia kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Humo hujificha, na dawa nyingi hazikifikii kwa urahisi.

Basi yafaa kukizuia mapema. Mkwaruzo uoshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, kisha ufunikwe. Jipu lisiminywe, maana kuminya husukuma vijidudu ndani zaidi. Wembe na taulo visiazimwe. Mgonjwa akishikwa na homa, au wekundu ukienea, apelekwe hospitali upesi.