Somo la 14: Pasaka ya Wayahudi wa Mbale

Ndugu msomaji, wewe unaijua kazi ya kuandaa sikukuu. Ikikaribia Idi au Krismasi hapa Kerenge, nyumba husafishwa, nguo hufuliwa, na kila mzazi hupiga hesabu ya mchele, mafuta na nguo za watoto. Leo tutasoma habari za wenzetu wa Afrika Mashariki ambao nao wana sikukuu yao. Maandalizi yao ni makali kuliko yetu.

Watu hao ni Abayudaya. Hilo ni neno la Kiganda, na maana yake ni Wayahudi. Wanakaa katika vilima vya karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon. Wengi wao ni wakulima kama wewe. Mwaka 2004 walianzisha ushirika wa kahawa pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo. Waliuita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Je, Wayahudi hawa walitoka wapi? Hawakutoka mbali. Ni watu wa papo hapo. Zamani palikuwa na mkuu mmoja wa vita, Semei Kakungulu, Mganda. Aliwasaidia Waingereza kuiteka nchi ya mashariki, lakini hawakumpa utawala aliokuwa akiutarajia. Kakungulu alikuwa Mkristo, tena msomaji hodari wa Biblia. Kadiri alivyosoma, alizidi kushika maneno ya Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa, akawatahiri na wanawe, akasema yeye sasa ni Myahudi. Watu wake wengi wakamfuata. Alifariki mwaka 1928, lakini dini ile ilibaki. Tazama, ndugu msomaji, jinsi kusoma kulivyobadilisha maisha ya kijiji kizima!

Sasa tuje kwenye sikukuu. Pasaka ya Wayahudi ni sikukuu ya furaha. Wanakumbuka jinsi wazee wa Israeli walivyotoka utumwani Misri. Usiichanganye na Pasaka ya Wakristo, ingawa jina ni moja na mara nyingi siku zake hukaribiana. Wayahudi hufuata mwezi, na siku yao huanza jua likichwa, kama siku ya Waislamu.

Waisraeli walitoka Misri kwa haraka. Hawakupata nafasi ya kungoja unga wao uumuke. Basi kwa siku zote za Pasaka, Myahudi hali mkate uliotiwa chachu. Katika nchi ya Israeli siku hizo ni saba, na kwingine wengi hushika nane.

Kazi kubwa iko hapo. Si kutokula tu. Chachu isionekane hata nyumbani! Kwa hiyo siku nyingi kabla ya sikukuu watu hufagia kila pembe. Hukung'uta magodoro, huosha makabati, hupekua hata mifuko ya nguo za watoto, maana mtoto huweza kusahau kipande cha andazi humo. Bia nayo hutolewa, kwa sababu imetengenezwa kwa shayiri iliyochachuka. Sufuria huchemshwa katika maji moto. Lakini chungu cha udongo hakisafishiki kwa njia hiyo. Udongo hunywa kile kinachopikwa ndani yake, nawe mpishi unalijua hilo. Basi chungu cha kila siku huwekwa kando mpaka sikukuu ipite.

Na ugali je? Hapa Wayahudi wenyewe hawako pamoja. Nafaka zilizokatazwa waziwazi ni ngano, shayiri na jamaa zake. Wayahudi waliotoka Ulaya walizoea kukataa mahindi, mchele na maharage pia. Wengi waliotoka nchi za Waarabu hula mchele bila wasiwasi.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maandalizi, baba huwasha mshumaa na kupita chumba kwa chumba akitafuta makombo. Katika nyumba nyingi watu huficha kwanza vipande kumi vya mkate, ili watoto wapate kazi ya kuvitafuta. Asubuhi makombo yote huchomwa moto.

Mkate wa Pasaka huitwa matza. Ni unga wa ngano na maji tu, umesukumwa mwembamba kama chapati. Tangu maji yaguse unga mpaka mkate uive, zisipite dakika 18. Zikipita, unga umeanza kuchacha, na mkate huo haufai.

Kuna jambo moja zaidi, nami naona ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya Pasaka hukusanywa fedha au unga kwa ajili ya maskini, ili kila mtu apate mkate wa sikukuu. Waislamu mtakumbuka zaka ya fitiri.

Sasa sikiliza habari ya mwaka 1979. Idi Amin alishika utawala wa Uganda mwaka 1971. Katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Abayudaya wengi waliiacha kwa hofu, na waliobaki walisali kwa siri. Fikiri jinsi ilivyo kuandaa sikukuu huku unaogopa mlango usigongwe.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Vita hivyo wazee wetu wanavijua. Vijana wa Tanzania walikwenda kupigana, na wengine hawakurudi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wenzao wa Uganda. Jioni ya siku hiyohiyo, Jumatano, jua lilipokuchwa, Pasaka ya Wayahudi ilianza. Mbale iko mbali zaidi upande wa mashariki, na majeshi yalifika huko baadaye. Lakini Abayudaya hawakuisahau tarehe ile. Kwao, usiku wa kukumbuka kutoka Misri ukawa pia usiku wa kukumbuka kuanguka kwa Amin.

Usiku huo watu hukaa mezani kwa utaratibu maalumu. Hula mboga chungu, kukumbuka uchungu wa utumwa. Huchovya majani katika maji ya chumvi, kukumbuka machozi. Hunywa vikombe vinne vya divai. Kisha mtoto mdogo kuliko wote huuliza: kwa nini usiku huu si kama siku nyingine? Wakubwa ni lazima wamjibu, na jibu ni hadithi nzima, tangu utumwani mpaka kutoka. Baadaye mlango hufunguliwa wazi, kumkaribisha nabii Eliya.

Maswali
1. Kwa nini mkate wa Pasaka hautiwi chachu?
2. Unga umetiwa maji saa 3 na dakika 10 asubuhi. Mkate ni lazima uwe umeiva kabla ya saa ngapi?
3. Kwa nini chungu cha udongo huwekwa kando?
4. Mzee gani katika kijiji chako anakumbuka vita vya mwaka 1978 na 1979? Mwulize, kisha andika sentensi tano za maneno yake.