Nia Kubwa Yataka Mwendo wa Kila Siku

Mtu apitaye katika kata ya Nkuhungu, jijini Dodoma, huona nyumba za namna mbili. Ziko zilizokamilika, zenye mapazia madirishani na watoto wachezao uani. Ziko pia zilizosimama njiani: msingi ulioota majani, ukuta uliofika usawa wa dirisha ukaachwa, rundo la mchanga lililotawanywa na mvua. Tukiwauliza wenye nyumba hizo, mara nyingi tutakuta kwamba nia yao ilikuwa moja. Wote walitaka kutoka katika nyumba ya kupanga na kuwaachia watoto wao mahali pa kuishi. Ni jambo gani basi lililowatenga?

Hatusemi kwamba kila aliyeacha ukuta ni mvivu. Maradhi, msiba na kukosa kazi huvunja mipango ya watu wema. Lakini wako wengi ambao hawakupatwa na lolote kati ya hayo, na ukuta wao ungali pale pale. Hao walikuwa na nia kubwa, wakakosa mwendo.

Mji wenyewe wa Dodoma watupa mfano. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamishwe kutoka Dar es Salaam yaletwe Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi CDA. Ilitazamiwa kwamba kazi hiyo ingekwisha kwa muda wa miaka 10 hivi. Lakini bei ya mafuta ilipanda, ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, fedha ikawa adimu, na wizara nyingi zikabaki pwani. Bunge lilihamia mwaka 1996. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwezi Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia. Mwezi Septemba mwaka ule ule Waziri Mkuu akahamia, na wengine wakafuata kwa awamu. Dodoma ikawa jiji mwezi Aprili 2018. Rais mwenyewe alihamia mwaka 2019, na tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu ya Chamwino. Tangu uamuzi ule ilikuwa imepita miaka 50.

Twajifunza nini hapa? Kwanza, azimio peke yake halihamishi hata meza moja. Kazi ilikwenda mbio pale iliposemwa ni nani atakayehama, na lini. Pili, kilichofanywa katika miaka ya shida hakikupotea. Viwanja vilivyopimwa na barabara zilizochorwa zamani vilikuwapo vikingoja, na waliokuja baadaye walijenga juu ya kazi hiyo.

Mkulima wa nchi hii ya kati alilijua jambo hili zamani. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, kuanzia mwezi Desemba hivi hadi Aprili. Asiyetayarisha shamba mapema hangojei juma lijalo. Angoja mwaka mzima. Na apandaye mzabibu hungoja miaka miwili au mitatu kabla ya kuona mavuno ya maana. Katika muda huo hupalilia, humwagilia, huufunga mche kwenye nguzo, hupogoa matawi. Hakuna siku hata moja katika hizo ambayo jirani atamsifu. Lakini mzabibu wa Dodoma ukishika huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na hapo wale waliochoka njiani husema kwamba mwenzao ana bahati.

Basi tuseme wazi yale ambayo mtu mwenye nia kubwa hana budi kuyafanya.

La kwanza ni kuipima nia yake. “Nataka kujenga” si kipimo. Tuseme nyumba yake yahitaji matofali 2,400. Akinunua au kufyatua matofali 50 kila juma, kwa majuma 48 atakuwa nayo yote, na katika mwaka yatambakia majuma manne ya ugonjwa na sikukuu. Vivyo hivyo mwanafunzi atakaye kuwa tabibu: akijifunza hesabu na sayansi saa moja zaidi kila jioni, siku tano kwa juma, kwa majuma 40 atakuwa amepata saa 200. Nia iliyokuwa ikimtisha sasa imekuwa kazi ya jioni moja.

La pili, kipimo cha kila siku kiwe kidogo kuliko nguvu za siku ile aliyoanza. Wengi huanza kwa moto mkali, wakajipangia mzigo wa mtu asiyeugua wala kupata wageni. Juma la tatu mzigo wawashinda, nao huutupa wote. Afadhali matofali 50 yanayokuja kila juma kuliko 500 ya mwezi mmoja, kisha kimya cha miaka mitatu.

La tatu, aandike. Daftari la shilingi chache latosha. Kila jioni ya Jumamosi aandike kilichofanyika na kisichofanyika, bila kujidanganya. Mtu hujisamehe upesi akilini mwake, karatasi haimsamehi.

La nne, nyumba nzima ijue. Mume asiyemwambia mkewe kiasi alichoweka akiba hulaumu matumizi ya nyumbani bure. Na watoto wakijua kwamba fedha hii ni ya bati, hawatanung’unika sana viatu vipya vikichelewa.

La tano ndilo gumu zaidi. Siku ya kuanguka itakuja. Atakosa juma, atakosa mwezi. Hapo asijaribu kulipa deni lote kwa mara moja, wala asiseme kwamba yote yameharibika. Arudie kipimo chake cha kawaida, matofali 50, saa moja, kana kwamba hakuacha. Mwenda pole hajikwai. Na hata akijikwaa, hakuanguka mbali.

Wazazi tungependa kuwaambia neno moja zaidi. Mtoto asikiaye kila Januari baba akiahidi nyumba, na kila Desemba asione hata tofali moja, hujifunza kwamba maneno ya baba hayana uzito. Siku moja ataahidi vivyo hivyo kwa wanawe. Lakini aonaye kila Jumamosi matofali machache yakipangwa kando ya uzio, huyo amefundishwa somo ambalo hakuna shule ilifundishayo vizuri kuliko nyumbani.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii twaisema sana, hata imekuwa nyepesi midomoni. Jumamosi ijayo na tuitie katika daftari.