Kutoka Mikononi mwa Walanguzi: Haki Zako Ukisharudi Nyumbani

Wengi wanaorudi kutoka mikononi mwa walanguzi wa binadamu hawajioni kuwa waathiriwa wa uhalifu. Utawasikia wakisema tu kwamba kazi ya Uarabuni iliharibika. Walifika kwa ajenti kwa miguu yao, wakatia sahihi mkataba, wakasindikizwa uwanja wa ndege na familia nzima. Basi wanaporudi mikono mitupu, mwili umechoka na deni la nauli linawangoja, swali lao la kwanza huwa hili: mimi mwenyewe nilikubali, nitamshtaki nani?

Sheria ya Kenya ina jibu. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2012. Kifungu chake cha 3 kinaangalia mambo matatu: ulifanyiwa nini, kwa njia gani na kwa kusudi gani. Mtu anayekusajili, kukusafirisha, kukuficha au kukupokea kwa kutumia vitisho, nguvu, ulaghai, au kwa kuutumia unyonge wako, ili akunyonye, ametenda kosa. Na iwapo mojawapo ya njia hizo ilitumika, kukubali kwako hakumwokoi. Uliahidiwa kazi ya hoteli Dubai, ukajikuta umefungiwa ndani ya nyumba ya mtu, unafanya kazi usiku na mchana, na simu umepokonywa? Uliyoikubali ni kazi ya hoteli. Hayo mengine hukuyakubali kamwe. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na anayerudia kosa anaweza kufungwa maisha.

Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, hakuna haja hata ya kuthibitisha kwamba alidanganywa au kutishwa. Inatosha kwamba alichukuliwa ili anyonywe. Wala si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Msichana anayetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa Nairobi au Mombasa, kisha akageuzwa kijakazi asiye na mshahara wala siku ya kupumzika, naye analindwa na sheria hiyohiyo. Vivyo hivyo watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania na kufanywa ombaomba katika barabara za Nairobi, ambao masaibu yao yaliangaziwa sana na vyombo vya habari mwaka 2022.

Kifungu cha 14 ndicho ningependa kila chifu, kila afisa wa uhamiaji na kila mzazi akijue. Kinasema mwathiriwa hatashtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, wala kwa kosa lolote lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Wafikirie vijana wetu walioahidiwa kazi za kompyuta Thailand, wakavushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika makambi ambako walilazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni, huku wakipigwa wasipofikisha kiwango cha siku. Wengi wao ni wasomi wenye vyeti. Wamerudi na hofu kwamba wakifungua mdomo watawekwa kizimbani kwa utapeli ule. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kinga ipo, na wakili wako anaweza kuitaja kwa polisi tangu siku ya kwanza. Jambo moja la kuangalia: kinga hiyo ni ya sheria ya Kenya. Ukiwa bado ugenini unabanwa na sheria za nchi uliyoko, kwa hiyo tafuta ubalozi wetu mapema. Ulioko Riyadh unahudumia Saudia, na wa Bangkok ndio uliowasaidia wengi waliotoka Myanmar.

Ukisharudi, usiharakishe kufuta chochote. Jumbe za WhatsApp za ajenti, risiti za M-Pesa, mkataba hata kama umeandikwa kwa Kiarabu, tiketi, nambari ya gari lililokupokea, picha ya chumba ulicholala: vyote ni ushahidi. Nakala zake mpe mtu unayemwamini. Kama huna hata karatasi moja, bado una kinywa chako, na maelezo yako ni ushahidi. Nenda hospitali kabla majeraha hayajapona, na ombi la kujaziwa P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, lisikutie haya.

Ripoti yaweza kuandikwa kituo chochote cha polisi. Sisitiza upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Ukiona afisa anachukulia suala lako kama ugomvi wa mshahara tu, omba lipelekwe kwa kitengo cha Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) kinachoshughulikia ulanguzi wa binadamu na ulinzi wa watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa. Kwa habari za mtoto, piga 116, hulipi chochote. Na usidhani umechelewa kwa sababu miaka imepita. Kosa zito kama hili halina muda wa kufa.

Madai ya mshahara ndiyo yenye saa inayokimbia. Kesi itokanayo na mkataba wa kazi kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, kwa hiyo usingoje kesi ya jinai iishe ndipo umtafute wakili wa kazi.

Wakili wa kulipwa na nani? Hapa kuna haki ambayo watu wachache mno wanaijua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, katika kifungu cha 36, inawataja waathiriwa wa ulanguzi wa binadamu kwa jina miongoni mwa wanaostahili msaada wa kisheria kwa gharama ya Serikali, ikiwa hawana uwezo. Mgeni aliyelanguliwa akaletwa Kenya naye yumo. Ombi hupelekwa kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Andika, weka nakala, na udai jibu la maandishi.

Mahakamani wewe si shahidi wa kuitwa, kuulizwa na kurudishwa nyumbani. Katiba, kifungu cha 50(9), iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ikapatikana mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi ya jinai kupitia wakili wake, chini ya uongozi wa jaji, mradi haki ya mshtakiwa isivunjwe. Unaweza kueleza maoni yako kuhusu dhamana. Unaweza kuomba kusikilizwa faraghani. Kabla ya hukumu kutolewa unaweza kuieleza mahakama jinsi kosa lile lilivyokuumiza. Ukitishwa, zungumza na mwendesha mashtaka kuhusu Shirika la Kuwalinda Mashahidi. Na ajenti akikupigia kukuahidi pesa ili "uondoe kesi", mjulishe mpelelezi siku hiyohiyo. Kesi ya jinai ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama.

Mlanguzi akitiwa hatiani, mahakama inaweza kumwamuru akulipe gharama za matibabu, pamoja na ya akili, na za usafiri, malazi na maisha, au afueni nyingine inayoona ni ya haki. Mwombe mwendesha mashtaka awasilishe ombi la malipo hayo, na umpe risiti. Asipokumbushwa, kesi yaweza kuisha kwa kifungo, nawe ukabaki na deni lako lilelile.

Sasa nigeukie Serikali. Kifungu cha 15 cha sheria ya 2010 kinaorodhesha huduma za manusura: kurudishwa nyumbani, makao, matibabu, ushauri nasaha, msaada wa kisheria, kurejeshwa katika jamii. Sheria hiyohiyo ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya kuwasaidia waathiriwa. Maandishi ni mazuri. Lakini mtu anayeshuka ndege usiku wa manane hawezi kulala juu ya maandishi. Sehemu kubwa ya kazi ya kuwapokea na kuwahifadhi manusura inafanywa na mashirika ya kiraia na ya dini, HAART Kenya likiwa mojawapo, na mashirika hayo hutegemea wafadhili ambao mikataba yao ina mwisho. Manusura mwanamume ana shida zaidi, kwa kuwa nyumba salama nyingi zilijengwa kwa ajili ya wanawake na watoto. Vijana waliorudi kutoka Myanmar wanaambiwa warudi tu kwao, mara nyingi nyumba ileile iliyouza shamba ili waondoke.

Kuna mabadiliko ambayo hayahitaji sheria mpya. Hazina itengewe fedha kila mwaka kwa kiasi kinachojulikana, na mali zinazotwaliwa kutoka kwa walanguzi ziende kwa walioumizwa. Manusura ahojiwe mara moja na mtu aliyefunzwa, maelezo yake yarekodiwe, asilazimishwe kuanza upya mbele ya polisi, daktari, afisa wa ustawi na mwendesha mashtaka. Kila kusimulia upya ni kuumizwa upya. Ushauri nasaha uendelee miezi mingi baada ya kurudi, maana jinamizi halifuati ratiba ya mradi. Lililo kubwa kuliko yote kwangu ni kwamba makao na matibabu visifungwe kwenye sharti la kutoa ushahidi. Anayeogopa kumkabili mlanguzi wake leo ana njaa leo pia, na kumnyima chakula hadi azungumze ni kumtendea kama alivyotendwa.

Kaunti nazo zina mkono. Hospitali za kaunti ziko chini ya magavana, na nyumba salama inaweza kujengwa na kaunti yoyote inayoamua. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo wananchi wanapaswa kusikilizwa. Tangazo la mkutano hubandikwa ofisi ya wadi. Nenda hata kama ajenda inataja barabara na soko pekee. Simama uulize kaunti yako imetenga vitanda vingapi kwa ajili ya watu waliotoka mikononi mwa walanguzi, na washauri nasaha wangapi, kisha hakikisha swali lako limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Memoranda ya maandishi hupokewa pia, na manusura asiyetaka kuonekana anaweza kuiwasilisha kupitia shirika au wakili wake bila jina lake kutajwa.