Wageni Wasiopiga Hodi: Watoto Wetu na Matusi ya Kwenye Gemu



 

Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi watukufu, somo letu la mwaka huu ni la hodi. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Allah (S.W.) ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Adabu hii hata mtoto wa chekechea anaijua. Lakini yupo mgeni anayeingia vyumbani mwa watoto wetu bila hodi wala salamu, na mara nyingi neno lake la kwanza ni tusi. Ni yule anayecheza nao gemu la mtandaoni.

Tueleze kwanza linavyokwenda, kwa faida ya wazazi ambao hawajawahi kulishika. Gemu kama Fortnite, lililoanza mwaka 2017, hukusanya wachezaji mpaka 100 katika uwanja mmoja. Mtoto akitaka kikosi cha watu wanne na rafiki zake hawapo, kompyuta za kampuni humtafutia wenzake watatu, wowote wale, wakubwa kwa wadogo, wa nchi yoyote. Husikilizana kwa maiki. Mtandao ukikwama, kama unavyokwama kwetu, mtoto husimama uwanjani kama gogo na kikosi kinashindwa. Hapo hutukanwa yeye, rangi yake na mama yake, na akiwa anaitwa Muhammad au Khadija, hutukanwa na dini yake. Anayetukana haonekani uso, na gemu likiisha huenda wasikutane tena. Haya aionee wapi?

Mlango huu nani aliuacha wazi? Tutazame kesi moja ya Marekani. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo, FTC, iliishitaki kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, kwamba mazungumzo ya sauti na ya maandishi yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo hata kwa watoto, wakaunganishwa na watu wasiowajua, na baadhi yao wakatishwa na kudhalilishwa. Tume ilisema wafanyakazi wa kampuni wenyewe walitaka mapema jambo hilo lirekebishwe, na kwamba kitufe cha kuzima sauti kilipowekwa kilikuwa kigumu kukiona. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 520: milioni 275 faini kwa sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 za kuwarudishia wateja walionunulishwa vitu wasivyokusudia. Iliamriwa pia mazungumzo hayo yazimwe tangu mwanzo kwa watoto na vijana.

Kinga hiyo hufuata umri ulioandikwa. Mtoto wa miaka 10 aliyeandika kwamba amezaliwa 1995 amejivua kinga kwa uongo wake mwenyewe. (Na wapo wazazi wanaomwandikia uongo huo ili gemu lifunguke upesi. Tunawaomba warudi wakasahihishe leo.)

Sasa tuje kwenu wanafunzi, maana tusi linaloingia sikioni si zito kama linalotoka mdomoni. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alitaja kuwa miongoni mwa madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake. Masahaba wakastaajabu, mtu atawatukanaje wazazi wake? Akawaeleza kuwa humtukania mtu baba yake, naye akatukaniwa wake, na kwa mama ni hivyo hivyo. Izingatieni hadithi hii mkiwa na hedfoni masikioni. Mgeni amekutukania mama, ukamrudishia, akaongeza, ukaongeza. Kwa dakika moja mama yako, aliye jikoni akikupikia chakula cha usiku, ametukanwa mara tano na mtu asiyemjua, na nne kati ya hizo umezileta wewe.

Mwaka huu tumesikia uwanjani tusi la Kiingereza kutoka kwa mtoto ambaye bado yuko Juzuu Amma. Tulipomuuliza maana yake, hakuijua. Alilizoa kwenye gemu.

Surat Al-Furqan, aya ya 63, inawasifu waja ambao wajinga wakiwasemeza hujibu maneno ya salama. Wengine mnadhani kunyamaza ni woga. Basi jueni kuwa katika magemu mengi kuna kitufe cha kumnyamazisha mtu: gusa jina lake, mnyamazishe, mzuie, mripoti. Akiandika vitisho, piga kwanza picha ya skrini, kisha ndiyo umzuie, na umwonyeshe mkubwa. Aya ya 28 ya Surat An-Nur imempa mwenye nyumba haki ya kumwambia mgeni arudi alikotoka, nanyi mnayo haki hiyo.

Yuko pia mgeni mpole, anayeahidi zawadi za gemu ukimpa nywila, picha au namba ya WhatsApp. Huyo usimjibu hata salamu, mwite mzazi.

Wazazi, mtoto akija kueleza aliyoambiwa, msimnyang'anye simu siku hiyo hiyo. Akiona malipo ya kusema kweli ni kunyimwa, safari ya pili atanyamaza, na huenda ya pili ndiyo ya hatari. Msikilizeni mpaka amalize, kisha muulizeni anachezea wapi na nani. Penye vitisho au maneno machafu ya kimwili, Kenya na Tanzania zote zina namba 116 ya kuwasaidia watoto, nayo hupigwa bila malipo.

Mzazi asiyejua mipangilio ya gemu iko wapi na aje na simu madrasani Alhamisi yoyote baada ya Alasiri, pamoja na mtoto mwenyewe, maana nywila anayo yeye.