FUNZO: SIKU YA PASAKA ILIYOTAKA KUPASUA KANISA



Katika parokia zetu tunaona waamini wanaoacha kusalimiana kwa sababu ya siku ya kufunga ao tarehe ya sikukuu. Mmoja anamwita mwenzake mpagani. Jambo hili si jipya. Tuangalie namna wazee wa kwanza walivyolichukua.

Wakristo wa Asia, ndiyo sehemu ya inchi ya Uturuki ya leo, walifanya Pasaka siku ya 14 ya Nisani, mwezi wa Wayuda, hata ikianguka katikati ya juma. Walisema walipokea desturi hiyo kwa mtume Yoane. Roma na makanisa mengine mengi walingoja siku ya Mungu, kwa kuwa ndiyo siku Bwana alifufuka. Basi hawa walifungua na kushangilia, na wale wangali wanafunga.

Karibu mwaka wa 155, Polikarpo, askofu wa Smirna, mzee sana, alisafiri mpaka Roma kuonana na askofu Aniketo. Walizungumza. Polikarpo hakukubali kuacha desturi yake, Aniketo vilevile. Halafu? Aniketo alimpa mgeni wake heshima ya kuongoza Meza ya Bwana katika kanisa la Roma. Waliachana kwa amani. Tusipite mbio hapa: hakuna aliyeshinda. Kila mmoja alibaki na siku yake, na mkate ulikuwa mmoja.

Karibu mwaka wa 190 askofu mwingine wa Roma, Viktori, alitaka Asia ifuate wengine. Polikrate wa Efeso akamjibu kwamba ana miaka 65 katika Bwana, kwamba watu saba wa jamaa yake walikuwa maaskofu, na kwamba vitisho havimwogopeshi. Viktori akataka kutenga makanisa yote ya Asia. Ndipo Ireneo wa Lyon alipomwandikia kumkataza. Na Ireneo mwenyewe alishika siku ya Mungu, sawa na Viktori! Lakini katika ujana wake alimsikia Polikarpo. Akamkumbusha Viktori mambo ya Aniketo, tena kwamba hata mfungo watu hawakuufunga sawasawa, wengine siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, nao walikaa kwa amani. Shahidi wa namna hii tunampenda, yule asiyetetea desturi yake mwenyewe.

Mwaka wa 325 mkutano wa Nikea uliamua Pasaka iwe siku moja kwa wote, na mfalme Konstantino akatuma barua kwa makanisa. Hata hivyo miaka mingine Roma na Alexandria zilihesabu tarehe mbalimbali, na mpaka leo Waortodoksi na Wakatoliki mara nyingi hawafanyi Pasaka siku moja.

Kwa vikundi vya funzo: tusome Warumi 14:1-12 na Wakolosai 2:16. Kisha kila mmoja ajibu mbele ya wenzake: ungekuwa Aniketo, ungempa Polikarpo nafasi kwenye meza yako?