SOMO: KIDANI BILA JINA



Leo tujifunze juu ya vidani vya zamani, ni kusema vile vitu vidogo vilivyochongwa na kuvaliwa shingoni ao kifuani. Pengine mutauliza: vinatuhusu nini sisi wa Kalemie? Musikilize.

1. Vilitengenezwa namna gani?
Huko China, tangu zaidi ya miaka 5000, mafundi wanachonga jiwe gumu linaloitwa jade. Kisu hakikuliweza, walilisugua polepole kwa muchanga na maji. Huku kwetu, Waluba walichonga pembe ya tembo, jino la kiboko na mifupa, mara nyingi mufano wa mwanamuke. Kidani kilipewa jina la mukubwa wa jamaa aliyekufa, kikapakwa mafuta, kikavaliwa mpaka kikawa laini kwa kugusana na mwili. Ule ulaini njo wanunuzi wanatafuta.

2. Kikitoka mahali pake
Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimbua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Waliandika kila kitu kililala wapi: vyungu, mikufu ya shaba. Kwa hiyo tunajua kidogo maisha ya wale watu. Lakini mutu anayechimba kwa siri ili auze anabaki na kitu bubu. Kwa sababu hiyo inchi yetu ilitoa sheria ya kulinda vitu vya kale mwaka 1971, na mwaka 1974 ikakubali mapatano ya UNESCO ya kuzuia magendo yake.

3. Yaliyotupata nyumbani
Nkambo wangu alikuwa na kidani cha pembe. Nilipokuwa mwaka wa 2, feza ya masomo ilikosa. Mununuzi akapita, baba akauza. Simulaumu baba: ile feza ni mimi nilisoma nayo. Nyuma nikamuuliza nkambo, kile kidani kilikuwa na jina la nani? Alikuwa amekwisha kusahau, na hakuna aliyeandika.

Muangalie tena. Mwaka 1884 watu wa Storms, Mbelgiji wa Mpala, walimuua Lusinga, mukubwa wa Watabwa, wakachukua sanamu yake. Leo iko Tervuren, Ubelgiji. Ile iliyonyanganywa kwa damu, jina la mwenyewe linajulikana, kwani liliandikwa. Yetu, iliyouzwa kwa amani, imepotea kabisa.

4. Ya kufanya
Wengine wanasema: ni vitu vya mizimu, tuvitupe. Lakini kuandika habari ya kitu si kukiabudu. Likizo hii, kila mumoja achukue kaye aulize wazee:
- Kitu hiki kinaitwa nani?
- Nani alikichonga, katika kijiji gani?
- Nani alikivaa, na siku gani?

Kitu kinaweza kuuzwa siku ya njaa. Habari yake ikiwa ndani ya kaye, hakuna mununuzi atakayeondoka nayo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6